Mgeni Abishapo Hodi Bunia

Kijana anayetaka kuhamia mji asioujua huuliza kwanza kodi ya chumba, kisha habari za kazi, kisha bei ya unga na ya samaki. Maswali hayo hayamwoneshi haya mtu yeyote, na kila mwenyeji aweza kuyajibu. Lakini liko swali la nne ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, tena huulizwa mtu wa kabila lake tu: Je, huko watu husema wanachofikiri? Nami nisiye mtoto wa huko, nitaachwa nipange nyumba katika mtaa wowote, nimchague nimtakaye, nimkosoe mkubwa bila ya kuambiwa nirudi kwetu? Yaani, mji ule una uhuru kiasi gani, na uhuru wenyewe wamfikia mgeni au wakomea kwa wenyeji?

Katika mji wa Bunia swali hili si la mchezo. Wamekufa watu kwa sababu ya jibu lake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tulifuate tangu mwanzo, maana mji huusoma mgeni kwa macho uliyopewa na historia yake.

Bunia umejengwa katika nchi ya Wabira, juu ya nyanda za nyasi, karibu na mahali ambapo nchi yaporomoka ghafula kwenda Ziwa Albert. Kaskazini, upande wa Djugu, wakaa Walendu pamoja na Wahema wa kaskazini, ambao huitwa pia Wagegere. Kusini wako Wangiti na Wahema wa kusini, ambao wazee wao wasimulia habari za Bunyoro ng'ambo ya ziwa. Mbali zaidi kaskazini, Mahagi na Aru, ni kwa Waalur, Walugbara na Wakakwa. Magharibi msitu mkubwa waanza, na humo ni kwa Walese na Wambuti. Basi ukiwatoa Wabira, kila mtu aliyejenga Bunia alitoka mahali akaja. Jambo hili hupendi kulikumbuka ukiwa umekwisha kupata kiwanja.

Hata lugha ya mji ni mgeni. Kiswahili kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na wafanya biashara wa pembe na watumwa waliopanda kutoka Manyema. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 aliwakuta watu hao wamekwisha kujenga kambi yao Ipoto. Watu waliwaita Wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Ilikuja na bunduki na mnyororo; leo ndiyo lugha ambayo Mlugbara humwombea Mnande chumvi sokoni, na hakuna anayemwuliza ilikotoka.

Mwaka 1903 watu wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika kijito cha Agola huko Kilo, na mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Baadaye migodi ya Kilo na ya Moto iliunganishwa, na mwaka 1926 ikawekwa chini ya kampuni moja, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Migodi ilitaka mikono, nayo mikono ilitaka chakula. Machifu walitakiwa kutoa watu na vyakula, na wale waliopelekwa hawakuulizwa kama wapenda kwenda. Ndivyo watu wa makabila mbalimbali walivyoanza kuchanganyika katika nchi hii: si kwa kualikwa, bali kwa kusombwa. Makao ya serikali yalikuwa kwanza Irumu, kisha yakahamia Bunia, na mji ukakua kwa maofisi, kwa maduka ya Wagiriki na Wahindi, na kwa mashamba ya Wabelgiji walioipenda baridi ya milimani.

Je, mji huo wa Wabelgiji ulimpokeaje mgeni mweusi? Ulimpokea kwa karatasi. Tangu amri ya mwaka 1931, miji ya Kongo ilikuwa na sehemu maalum za Waafrika, walizoziita centre extra-coutumier, yaani mahali palipo nje ya mila na nje ya utawala wa chifu wa asili. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika upande wao, katika cité. Aliyetaka kuondoka kwao kwa muda mrefu alihitaji ruhusa iliyoandikwa; asipokuwa nayo, angeweza kukamatwa na kurudishwa. Usiku ulikuwa na saa zake, na baada ya saa hizo mtu mweusi hakupaswa kuonekana upande wa Wazungu.

Katika Ulaya ya zamani, hasa nchi ya Ujerumani, watu walikuwa na msemo kwamba hewa ya mji humfanya mtu huru. Mtumwa wa shamba akitoroka kwa bwana wake, akikaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila ya kudaiwa, alihesabiwa kuwa mtu huru. Katika makoloni ya Afrika mambo yaligeuzwa chini juu. Mtu alikuwa na uhuru kidogo kijijini kwake, akaupungukiwa alipoingia mjini. Kenya ilikuwa na kipande, ambacho wanaume walikibeba shingoni ndani ya kikopo. Kongo ilikuwa na vyeti na vibali vyake. Mji ulikuwa mahali pa kufanyia kazi, na kazi ikiisha mtu arudi alikotoka.

Wabelgiji hawakuwa vipofu kabisa. Waliona kwamba wako makarani, walimu na wauguzi waliosoma, nao hawakupenda kuhesabiwa pamoja na watu wote. Mwaka 1948 ikatolewa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ukawekwa utaratibu wa kumwandikisha Mwafrika ili ahesabiwe karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Lakini mwombaji alichunguzwa: anakula mezani? mke wake anakaa naye mezani? nyumba yake i safi? Waliopata ni wachache mno katika Kongo nzima. Kwa maoni yangu aibu ya jambo hili si uchache wao, bali ni ule ukaguzi wenyewe. Uhuru unaotolewa kwa kukaguliwa sahani waweza kunyang'anywa kwa sahani vilevile.

Na siasa? Hapakuwa na kura. Uchaguzi wa kwanza wa miji ulifanywa Desemba 1957 katika miji mitatu tu, nayo ilikuwa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Watu wa Bunia walingoja. Walipopata nafasi, mwaka 1960, jimbo zima la Mashariki likakipa ushindi mkubwa chama cha Patrice Lumumba. Hapa natamani msomaji asimame kidogo. Lumumba hakuwa mtoto wa jimbo hili. Alikuwa Mtetela, mzaliwa wa Onalua huko Sankuru, katika Kasai. Alikuja Stanleyville kutafuta maisha, akafanya kazi ya posta, akaandika, akasema. Watu wasio wa kabila lake walimsikiliza wakasema: Huyu ni wetu. Bunia mpaka leo una mtaa uitwao Lumumba. Yaani mji ulimpa mtaa mtu ambaye, kwa hesabu iliyokuja baadaye, angeitwa mgeni.

Hesabu hiyo haikukawia. Mwaka 1962 majimbo makubwa ya Kongo yalikatwakatwa kuwa madogo, na Bunia ukawa mji mkuu wa jimbo la Kibali-Ituri. Jambo lilikuwa na faida zake, maana serikali ilikaribia watu. Lakini katika Kongo yote majimbo madogo yalileta swali jipya maofisini: nani mtoto wa jimbo, nani si mtoto wa jimbo? Karani aliyefanya kazi miaka kumi mezani pake akaanza kutazamwa kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine.

Mwaka 1964 walikuja Simba. Waliingia Bunia kama walivyoingia Stanleyville na karibu mashariki yote, na kwao swali halikuwa la kabila kwanza, bali la mawazo. Aliyesoma sana, aliyekuwa na ofisi, aliyesemwa kuwa wa chama kingine, huyo alikuwa mashakani. Katika siku hizo ndipo Sista Anuarite alipouawa Isiro, tarehe 1 Desemba 1964. Bunia ulichukuliwa tena mwishoni mwa mwaka huo na askari wa serikali pamoja na mamluki, na mwaka uliofuata mamluki hao waliutumia kama kituo cha kuendea Mahagi, Aru na Watsa. Mji ambao mtu aweza kuuawa kwa kuwa na kalamu mfukoni hauna haja ya kuulizwa kama una uhuru.

Kisha Mobutu. Mengi yamesemwa juu yake, nami sitayarudia. Alichukua serikali Novemba 1965, mwaka 1967 akaunda chama chake cha MPR, na kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu tumboni. Kwa upande mmoja mgeni alipata amani ya namna fulani. Mtu wa Kasai angeweza kutumwa Bunia kuwa mkuu, mtu wa Bunia akatumwa Bandundu, na kumbagua mtu kwa jimbo lake hadharani lilikuwa kosa. Watu walikuwa sawa kwa sababu wote walinyamaza. Wazee wengine huikumbuka amani ile kwa majonzi, nami siwacheki, kwa maana wameona yaliyofuata.

Lakini chini ya ukimya ule kulikuwa na moto. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni wa nje yapewe Wazaire, na maduka ya Wagiriki na mengineyo yakabadilisha mikono. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, ilitoka sheria ya ardhi iliyosema kwamba ardhi yote ni ya serikali, na mwenye haki ni mwenye hati. Katika Djugu na Irumu Wabelgiji walikuwa na mashamba makubwa ya kahawa na ya ng'ombe. Nani alipata hati zake? Aliyesoma, aliyekuwa na fedha, aliyemjua mtu ofisini. Wahema walikuwa wamepewa shule na vyeo na Wabelgiji kuliko Walendu, kwa hiyo mara nyingi walikuwa ndio wenye kupata. Mlendu angeweza kulima mahali alipolima babu yake, kisha siku moja akaoneshwa karatasi iliyoandikwa mjini kwamba pale si pake.

Twapenda kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri, nayo imewapokea wengi. Lakini methali haisemi alime shamba la nani. Huko Djugu haikujulikana tena nani aliyekuwa mgeni na nani mwenye kumpa mwenzake jembe.

Vita vya Ituri vilianza hapo, mwaka 1999, katika eneo la Walendu-Pitsi, juu ya mipaka ya mashamba. Vingebaki ugomvi wa mashamba kama vilivyowahi kuwa zamani, lakini nchi ilikuwa mikononi mwa majeshi. Askari wa Uganda walikuwa wamefika Bunia tangu mwaka 1998, wakiwasaidia waasi wa RCD. Juni 1999 jenerali wao, James Kazini, alitangaza jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumweka gavana, Bibi Adèle Lotsove, ambaye ni Mhema. Walendu wakaona kwamba mwamuzi amekwisha kuchagua upande. Silaha zikapewa huyu, kisha yule. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri na kwa hiyo ilipaswa kuwalinda watu wake; na Februari 2022 ikaitoza dola milioni 325. Fedha ni fedha, na wafu ni wafu. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba zaidi ya watu 50,000 walikufa katika Ituri tangu mwaka 1999 hata mwaka 2003.

Tuuangalie mji wenyewe katika miaka hiyo, maana ndio tunaousema. Gavana wa mwanzo wa mwaka 2002, Molondo Lompondo, alikuwa mtu wa chama cha RCD-ML, tena si mzaliwa wa Ituri. Chama chake kiliongozwa na Mbusa Nyamwisi, ambaye ni Mnande. Hapo likavuma neno ambalo vijana wa leo huenda hawalijui, nao wazee hawapendi kulitamka: jajambo. Ndilo jina walilopewa wasio wa Ituri: Wanande wa Beni na Butembo, watu wa Kasai, watu wa Kivu, watu wa Kisangani. Wengi wao walikuwa wamezaa na kuzika Bunia. Wanande walishika sehemu kubwa ya biashara ya mji. Maduka yao yalikuwa wazi kwa kila mnunuzi. Ghafula duka likawa ushahidi. Mwenye duka akaambiwa kwamba chama cha Nyamwisi ni chake, hata kama hakuwahi kumwona Nyamwisi kwa macho yake.

Agosti 2002 chama cha UPC cha Thomas Lubanga kiliuchukua mji kwa msaada wa askari wa Uganda. Jina lake, kwa Kiswahili, ni Umoja wa Wazalendo wa Kongo. Wazalendo wa Kongo! Na waliofukuzwa, waliofungwa na kuuawa katika miezi ile walikuwa Wakongo: Walendu na Wangiti kwanza, kisha Wanande na wengineo wasio wa Ituri. Walendu nao, pamoja na washiriki wao, hawakubaki nyuma katika kulipiza. Siku zile za mwezi wa Agosti waliua Wahema ndani ya mji wenyewe, na mwezi uliofuata, Septemba 2002, Wangiti pamoja na askari wa Nyamwisi waliingia Nyankunde, mahali pa hospitali kubwa iliyosaidia wagonjwa wa makabila yote, wakaua Wahema na Wabira kwa mamia, hata wagonjwa vitandani.

Katika hayo yote liko jambo ambalo lapasa kuandikwa kwa herufi kubwa. Wagegere, yaani Wahema wa kaskazini, husema Kilendu. Ndiyo lugha yao ya nyumbani. Wameoana na Walendu tangu zamani, na majina yao yafanana. Kwa hiyo aliyesimamisha watu njiani hakuweza kuwatambua kwa kusikiliza lugha. Alitazama uso, urefu, pua. Akauliza kijiji, akauliza jina la baba. Na alipokosa bado aliamua. Mtoto wa mama Mlendu na baba Mhema hakuwa na mtaa wa kukimbilia. Mji ulikuwa umegawanyika hata kila mtaa ukawa na kabila lake: ukisema Mudzipela umemtaja Mhema. Mtu hakuulizwa tena ana maoni gani, kwa sababu maoni yake yalidhaniwa kuandikwa usoni.

Na wale waliokuwa na maoni mengine? Walikuwako. Walikuwako Wahema waliowaficha Walendu, na Walendu waliowaficha Wahema, na hao walikuwa katika hatari iliyo kubwa kuliko ya adui, maana waliitwa wasaliti. Redio Candip, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya elimu, ilisema chini ya UPC mambo ambayo UPC iliyataka. Katika mji wa namna hiyo si mgeni peke yake asiyekuwa na uhuru. Mwenyeji naye yumo kifungoni, tena kifungo chake ni kibaya zaidi, kwa sababu afungwa na watu wa nyumbani.

Machi 2003 askari wa Uganda, waliokuwa wamegombana na Lubanga, walimfukuza Bunia. Mwezi wa Aprili ikafanywa Tume ya Kuleta Amani Ituri, na watu wa pande zote wakaketi wakachagua utawala wa muda. Bibi Pétronille Vaweka akawa mkuu wa baraza lake. Mwezi wa Mei Uganda ikaondoa askari wake mjini. Hapo mji ukawa kama nyumba iliyoachwa mlango wazi. Vijana wa Kilendu waliingia wakaua na kupora, kisha tarehe 12 UPC ikarudi ikaua na kupora. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari mia chache wa Uruguay, ambao hawakuweza kuuzuia mji. Makumi elfu ya watu walikimbia. Maelfu wakalala kwenye uwanja wa ndege na pembeni mwa makao ya Umoja wa Mataifa, wakiwa na maturubai juu na matope chini. Ndani ya ua wa parokia, mahali ambapo watu walidhani hapatavunjwa, mapadre waliuawa pamoja na waliowakimbilia. Zaidi ya maiti 400 zilihesabiwa mjini katika siku hizo.

Tarehe 12 Juni Umoja wa Ulaya ulileta jeshi lake, wengi wao Wafaransa, kwa kazi iliyoitwa Artemis, nalo likakaa hata tarehe 1 Septemba 2003. Jambo la kwanza walilofanya ni kutangaza kwamba Bunia ni mji usio na silaha za kuonekana. Baada yao wakaja askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Bangladesh, Pakistan na nchi nyingine. Lubanga akapelekwa Uholanzi, na Machi 2012 akawa mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa kosa la kuwatia watoto katika vita. Bosco Ntaganda, aliyekuwa mkubwa katika jeshi lake, alihukumiwa Julai 2019, na katika makosa yake limo la kuwatesa watu kwa ajili ya kabila lao. Akapewa miaka 30.

Wasomaji wengine watasema: Hayo yamepita, mbona wayachimbua? Nayachimbua kwa sababu wageni wangali wakija, na wanaowapokea ni walewale waliookoka au watoto wao.

Tangu amani iliporudi, Bunia umekua upesi. Katiba iliyotangazwa Februari 2006 yampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na kukaa atakapo, na haki ya kusema mawazo yake. Mwaka 2015 jimbo la Mashariki liligawanywa, na Ituri ikawa jimbo lenye wilaya tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, na Bunia ukawa makao yake makuu. Wanafunzi huja katika chuo kikuu na vyuo vingine kutoka pande zote za jimbo na hata kutoka Beni. Wanande walirudi, wakafungua maduka, na jioni barabara kuu yajaa pikipiki za kubeba watu, na hao vijana wa pikipiki hawaulizi kabila la abiria, huuliza aendako. Yeyote aliyeona mji mwaka 2003 hawezi kuyadharau mambo hayo madogo.

Lakini mwishoni mwa mwaka 2017 mauaji yalianza tena Djugu, kisha lile kundi la CODECO likawa na nguvu, na Wahema pamoja na wengine wakamiminika mjini. Mwanzo wa mwaka 2018 walilala pembeni mwa hospitali kuu na kwenye ISP. Wengine walivuka ziwa kwenda Uganda. Baadaye kambi ya Kigonze ikafunguliwa kwa ajili yao. Tarehe 6 Mei 2021 serikali ya Kinshasa iliweka utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, kwa jina la hali ya dharura ya kivita. Gavana akawa jenerali, Johnny Luboya N'Kashama. Baraza la jimbo likasimamishwa, mikutano na maandamano yakawekwa chini ya macho ya askari, na raia wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa makosa ya jinai. Wengi waliipokea amri hiyo kwa furaha, maana mwenye kuchinjiwa watoto hajali sana nani anamsomea gazeti lake. Hata hivyo uwezo wa kumkosoa mkubwa ulipungua, kwa mwenyeji na kwa mgeni sawasawa, na mauaji hayakukoma kwa hiyo: Februari 2022 waliuawa watu karibu 60 katika kambi ya Plaine Savo, nao walikuwa wakimbizi waliolala.

Sasa turudi kwa kijana wetu na swali lake la nne. Naona yampasa aligawe, maana ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Kumpokea mgeni ni jambo moja, kumruhusu aseme ni jambo jingine. Tazama Dar es Salaam ya miaka ya 1960. Iliwapokea wapigania uhuru wa kusini yote ya Afrika. FRELIMO ilizaliwa huko mwaka 1962. Mgeni angeweza kusimama huko akaitukana serikali ya Wareno mchana kutwa. Lakini tangu mwaka 1965 Tanganyika ya zamani ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria, na wenyeji wenyewe hawakuwa na mahali pa kuanzisha cha pili. Mji mkarimu kwa mgeni si lazima uwe mkarimu kwa maoni.

Bunia kwa upande wa ukarimu hauna deni. Mtu afikaye na mzigo wake atapata wa kumwonesha njia, atapata chai, na Kiswahili chake kibovu hakitachekwa, kwa sababu cha mji nacho kimechanganyika na Kilingala na Kifaransa. Deni liko kwenye maoni. Mnande atasema juu ya bei ya mafuta, juu ya barabara, juu ya Kinshasa. Juu ya ardhi ya Djugu atanyamaza. Mhutu aliyetoka Kivu ya Kaskazini akatafuta shamba upande wa Boga na Tchabi, ambaye watu humwita Mnyabwisha, atazungumzwa kabla hajazungumza. Mlendu atatazama ni nani ameketi mezani kabla ya kusema habari za CODECO, hata kama atakayosema ni kulilaani kundi hilo. Na Mhema atafanya vivyo hivyo akiulizwa juu ya UPC.

Kipimo changu, kwa hiyo, si katiba, wala si idadi ya vyama vilivyobandika picha ukutani wakati wa uchaguzi. Ningemwambia kijana atembee mitaani, aulize chumba mbali na watu wa kabila lake, kisha asikilize. Mwenye nyumba atamwuliza jina lake na kazi yake. Hayo ni ya kawaida, maana mkuu wa mtaa ataka kujua. Kisha atamwuliza: Wewe ni mtu wa wapi? Wako wanaouliza hivyo ili wapate mazungumzo tu, kwa sababu wana shemeji huko. Wako wanaouliza ili wajue kama wafunge mlango. Katika mitaa iliyojengwa upya baada ya mwaka 2003, swali ni hilohilo, kwa maneno yaleyale, na majibu ya wapangaji hutofautiana: wazee hutaja kijiji, lakini wengi wa vijana, hasa wanafunzi na walimu, siku hizi hutaja mji waliosomea.